Picha za wageni harusini: namna ya kuzipata zikiwa nzima kutoka simu za kila aina

Keki inapokatwa, mpigapicha wa kukodiwa yuko mbele na kamera yake, na nyuma yake simu hamsini ziko juu. Yeye ataleta picha safi za maharusi. Lakini shangazi aliyefuta machozi wakati wa nasaha, wajomba waliokaa meza moja baada ya miaka mingi, watoto waliolala kwenye viti saa tano usiku, hao wamo kwenye simu za wageni. Jumapili nusu ya picha hizo ziko status, na status hufutika baada ya saa 24. Jumatatu chache zinatumwa kwenye kundi la kamati. Wiki ya pili, mwenye simu iliyojaa ameshazifuta apate nafasi.

Ndiyo maana watu wanaohangaika kuchagua programu wanaanza na swali la mwisho. Yanayoamua ni mawili: kupata faili lenyewe lililotoka kwenye kamera ya simu, na kulipata mapema. Ukiyashika hayo, hata njia ya kizamani ya waya itakutosha. Ukiyaachia, programu nzuri kuliko zote itakuletea picha zenye ukungu.

WhatsApp inavyozipunguza

Simu nyingi za kawaida hutoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000 hivi, yenye uzito wa MB 3 hadi 5. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa hadi upande mrefu kubaki kwenye pikseli 1600 hadi 2000 hivi, na uzito unashuka hadi KB mia kadhaa. Kwenye kioo cha simu huoni tofauti. Tofauti utaiona studio. Uchapaji mzuri unataka pikseli 300 kwa kila inchi, kwa hiyo picha ya pikseli 1600 inatosha urefu wa sentimita 13 na nusu tu. Ivute ifike ukubwa wa A4 na unabaki na pikseli 137 kwa inchi, nyuso zinaanza kulainika kama zimepakwa mafuta. Ile ya awali, yenye pikseli 4000, inafika A4 bila shida.

Chaguo la HD, lililoletwa mwaka 2023, linasaidia lakini nalo linabana.

Hasara ya pili haizungumzwi sana, nayo ndiyo inayokuja kukutesa wakati wa kupanga. Kila picha hubeba ndani yake saa na dakika iliyopigwa. WhatsApp inaziondoa taarifa hizo. Kwenye Android picha inafika na jina la mtindo wa IMG-20250614-WA0012, na hiyo tarehe ni ya siku ilipopokelewa. Picha ya kanisani saa nane mchana iliyotumwa Jumanne itajipanga Jumanne, nyuma ya picha za watu wakirudisha viti.

Lakini usiitupe WhatsApp. Kwa bibi, kwa mjomba wa kijijini, ndiyo njia pekee wanayoijua, na inaweza kupitisha faili zima ukiwaelekeza kutuma kama hati. Kwenye Android: bonyeza alama ya kibanio, chagua Document, kisha tafuta picha kupitia orodha ya mafaili. Kwenye iPhone: bonyeza alama ya kujumlisha, Document, na kama toleo lake halioneshi picha moja kwa moja, kwanza azihifadhi kwa Save to Files ndipo azichague huko. Faili moja linaweza kufika GB 2, kwa hiyo hata video inapita. Zitumwe kwa namba ya mtu mmoja, zisitumwe kwenye kundi. Picha 150 za MB 4 kwenye kundi la watu 200 ni kuwamalizia watu bando bila ruhusa yao.

Mlango wa kwanza: linki

Kwa harusi ya wageni 200 hadi 300 Dar es Salaam au Nairobi, ambapo wengi wana Android, albamu ya pamoja ya Google Photos ndiyo tunayoipendekeza kwanza. Wengi tayari wana akaunti ya Google ndani ya simu, hata kama hawakumbuki nywila. Albamu inabeba picha na video hadi 20,000. Fungua akaunti mpya ya Gmail kwa ajili ya harusi, ipate GB 15 zake safi zisizochangamana na barua pepe za mtu, na nywila waijue watu wawili. Tengeneza albamu, washa kushirikisha kwa linki, na hakikisha Collaborate imewashwa. Bila hiyo wageni wataona albamu lakini hawataweza kuongeza kitu, na watadhani wao ndio hawajui.

Kuna mtego mmoja hapa. Picha aliyoiweka mgeni inabaki mali ya akaunti yake. Akiifuta kwake ili apate nafasi, au akitoka kwenye albamu, inatoweka na kwako. Kwa hiyo albamu hiyo ni kapu la kupokelea tu, si ghala. Kila siku kwa wiki ya kwanza, mtu mmoja aingie kwa kompyuta, afungue albamu, bonyeza vitone vitatu, Download all, ahifadhi kwenye diski. Mgeni mwenye iPhone atahitaji programu ya Google Photos au akaunti ya Google kwenye kivinjari, na hapo baadhi yao watakata tamaa. Mlango wa pili, yaani meza ya picha hapa chini, upo kwa ajili yao.

Albamu ya pamoja ya iCloud iacheni kwa kazi hii. Inazipunguza picha hadi pikseli 2048, inashusha video, na mwenye Android hawezi kuweka chake. Folda ya Google Drive nayo ina kasoro: ili mgeni aweke picha lazima umpe haki ya kuhariri, na mwenye haki hiyo anaweza kuhamisha au kuondoa vitu vya wenzake kwa kidole kilichoteleza.

Njia isiyodai akaunti yoyote ni ombi la mafaili la Dropbox. Mgeni anafungua linki, anachagua picha, anaandika jina lake na barua pepe, basi. Haoni za wenzake, na hilo ni zuri kwa shughuli zenye faragha. Kikwazo ni kwamba akaunti ya bure ina GB 2 tu, na hiyo itajaa kabla ya watu kumaliza kupakia video za matarumbeta.

Piga hesabu ya nafasi mapema. Tuseme wageni 60 wanachangia picha 25 kila mmoja, za MB 4: ni MB 6,000, yaani kama GB 6. Video ndizo zinazokula. Dakika moja ya video ya 1080p kwenye iPhone ni MB 60 ikiwa mipangilio ya kamera iko kwenye High Efficiency, MB 130 ikiwa kwenye Most Compatible, na ya 4K kwa fremu 30 kwa sekunde inafika MB 170 hata kwa High Efficiency. Video 40 za dakika moja moja zinaweza kuwa GB 2.4 au karibu GB 7, inategemea nani alikuwa na simu gani.

Halafu lipo suala la bando. Picha 25 ni MB 100 kutoka mfukoni mwa mgeni ambaye tayari ametoa mchango, ameshona sare na amelipa nauli. Mwambieni ukweli: ajiunge na albamu palepale ukumbini, apakie akifika penye Wi-Fi au bando la usiku. Isitoshe, mnara unaohudumia ukumbi wenye watu 300 wanaorusha video kwa pamoja huzidiwa, upakiaji unakwama katikati, na mtu akikwama mara mbili hajaribu tena. Lengo la kadi ya mezani ni kumfanya afungue linki akiwa bado na hamu. Kupakia kutafuata.

Kadi zenyewe huharibika kwa sababu ya urembo. Msimbo wa QR unataka weusi juu ya weupe, na ukingo mtupu kuuzunguka wenye upana wa vijumba vinne vya msimbo wenyewe. Wachapaji wa kadi wanapenda dhahabu juu ya rangi ya maziwa, na kamera ya simu chini ya taa za zambarau za ukumbini haiuoni. Karatasi ya kung'aa nayo inarudisha mwanga. Kwa kadi ya mezani upana wa sentimita 3 ndio wa chini kabisa, bora 4. Kwa bango, gawanya umbali kwa kumi: mtu akisimama mita 2, msimbo uwe sentimita 20. Linki ndefu huzaa msimbo wenye vijumba vidogo vingi, kwa hiyo ifupishe, na iandike pia kwa herufi chini yake kwa wenye simu zisizosoma. Jihadharini na tovuti za bure zinazopitisha linki kwao kwanza: muda wa majaribio ukiisha, msimbo unakufa, nao umeshachapwa kwenye kadi 300.

Kabla ya kuchapa, jaribu kwa simu tatu: Android ya zamani, iPhone, na simu yoyote isiyoingia kwenye akaunti ya harusi. Mwenye albamu akijaribu kwa simu yake mwenyewe kila kitu hufanya kazi, hata ruhusa ikiwa imefungwa.

Mlango wa pili: meza ya picha

Hii ndiyo njia inayoleta picha nyingi zaidi za ubora kamili, na haihitaji intaneti. Kompyuta moja yenye nafasi ya GB 100, diski ya nje, ekstensheni ya umeme, na nyaya nne: USB-C mbili, Lightning moja, micro-USB moja. Kijana mmoja mtulivu wa kukaa hapo. Meza iwekwe karibu na foleni ya chakula, maana hapo watu wamesimama na simu mkononi. Mkiweka na sehemu ya kuchajia, hamtahitaji kumwita mtu.

Nyaya zijaribiwe siku moja kabla. Nyaya nyingi za bei rahisi zinachaji tu, hazipitishi data, na kwa macho hazitofautiani na zingine.

Kwa Android: chomeka, fungua simu, shusha arifa kutoka juu, gusa ile inayosema inachaji kupitia USB, badilisha iwe File transfer. Picha zimo DCIM, kisha Camera. Usipoziona, tazama kwenye memori kadi, kuna simu zimepangwa kuhifadhi huko.

Kwa iPhone: chomeka, fungua kwa nywila, kubali Trust. Kama kompyuta ni ya Windows na inakatiza katikati ikidai kifaa hakifikiki, kisa ni kwamba simu inajaribu kubadilisha picha kutoka HEIC, mfumo wa iPhone wa kuhifadhi picha, kuwa JPEG, mfumo unaofunguka karibu kila mahali, wakati wa kuzituma. Ingia kwenye mipangilio ya Photos, chini kabisa, weka Keep Originals badala ya Automatic, chomoa, chomeka upya. Na kama mgeni anaapa alipiga picha 80 ukaona 30 tu, angalia kama amewasha Optimize iPhone Storage: zilizobaki ziko iCloud na waya hauwezi kuzileta. Huyo mpe linki.

Wengine hawapendi kumpa mtu simu yao ichomekwe, na wana haki. Hao watume bila waya. Android kwa Android kuna Quick Share. iPhone kwa iPhone kuna AirDrop: mpokeaji aweke Everyone for 10 Minutes, na mtumaji aguse Options kwanza na kuwasha All Photos Data ili saa na mahali visipotee. Binamu mmoja mwenye iPhone yenye nafasi awe ndoo ya iPhone zote.

Kwa kuvuka kutoka aina moja ya simu hadi nyingine, tunayoitegemea ni LocalSend. Ni ya bure, haina matangazo, ipo Android, iPhone, Windows na Mac. Inataka vifaa viwe kwenye Wi-Fi moja tu. Washa hotspoti kwenye simu ya Android ya kamati, zima data yake, unganisha kompyuta na simu ya mgeni, fungua LocalSend pande zote mbili, mgeni achague picha, kompyuta ikubali. Picha 100 zinapita kwa dakika chache bila kugusa bando. Vifaa visipoonana, kwenye iPhone hakikisha imepewa ruhusa ya Local Network. Na usitumie Wi-Fi ya wageni ya hoteli: nyingi zimefungwa vifaa visionane, utabaki kutazama kioo kitupu.

Usimlazimishe mtu wa iPhone abadilishe mfumo wa kamera yake kwa sababu ya HEIC. Pokea HEIC kama zilivyo, ni nyepesi na nzima. Studio ya kuchapa ikikataa kuzifungua, tengeneza nakala za JPEG baadaye, zile za awali zibaki.

Maneno ya MC na ujumbe wa kesho yake

Mgeni anamsikia MC kuliko kadi. Atangaze mara mbili: foleni ya chakula inapoanza, na kabla ya keki. Tangazo liwe na kitendo kimoja: "Shika simu yako sasa, elekeza kwenye kadi ya meza yako, fungua, bonyeza kujiunga. Picha utaweka kesho." Likipita sekunde 20 limekuwa hotuba.

Kinachovuna zaidi ni kumwomba mtu kwa jina. Gawaneni: mmoja upande wa bwana harusi, mmoja upande wa bibi harusi, mmoja wa kwaya au msikiti, mmoja wa wafanyakazi wenza. Jumapili jioni kila mmoja atume ujumbe kwa watu kumi aliowaona wakipiga picha. Mfano: "Shikamoo shangazi. Poleni na shughuli. Jana nilikuona ukipiga picha wakati wa zawadi, upande ambao mpigapicha hakuwepo. Naomba unitumie hizo shangazi, zote hata zilizotikisika, kwa njia ya Document nitakavyokuelekeza. Ukipenda nitapita mwenyewe na waya kesho jioni." Huo mstari wa mwisho ndio unaoleta picha za wazee.

Na wekeni mwisho. Kikao cha kuvunja kamati kiwe na ajenda ya picha, kama ilivyo ajenda ya madeni. Baada ya hapo kundi linakufa na hakuna wa kumuuliza.

Picha zisizopita kwenye linki

Pwani, kwenye kupamba na singo, na bara kwenye kitchen party, wanawake hukaa bila kujifunika kwa sababu wanajua nani yupo. Picha ya pale si mali ya albamu ya harusi. Linki ya pamoja hufunguliwa na yeyote aliyeipata, na hutajua imefika kwa nani. Kama wenyeji wamekataza simu, simu zibaki mlangoni na hapana mjadala. Kama wameruhusu, mkusanyaji awe mwanamke mmoja aliyeteuliwa na mama wa bibi harusi, apokee kwa waya au LocalSend, na ziende kwenye diski ya peke yake. Zisiwekwe kwenye akaunti ile ya harusi hata kwa muda. Mgeni akizipakia kwa bahati mbaya, ziondolewe siku hiyo hiyo na aambiwe kwa upole azitoe na status.

Kuzipanga

Kila mchangiaji apate folda yenye jina lake, na folda hizo zisiguswe. Kazi zote zifanyike kwenye nakala.

Saa ndizo zinazopanga hadithi, kwa hiyo zirekebishe kwanza. Simu nyingi za hapa ziko sawa kwa sababu zinachukua saa ya mtandao. Matatizo huwa mawili. Simu iliyokuja kutoka Muscat ikabaki kwenye saa ya kule iko mbele kwa saa moja. Na kamera ya mpigapicha inaweza kukosea hata mwaka. Mwombe kabla ya kuanza apige picha ya kioo cha simu kinachoonesha saa na sekunde: tofauti utaisoma hapo. ExifTool, programu ya bure, inasahihisha folda nzima kwa mstari mmoja unaouandika kwenye dirisha la amri la kompyuta, neno folda ukilibadilisha liwe jina la folda yako. Ya kurudisha saa moja nyuma ni:

exiftool -AllDates-=1 folda

Kisha kuzipa zote majina kwa wakati zilipopigwa:

exiftool "-FileName<DateTimeOriginal" -d "%Y%m%d_%H%M%S%%-c.%%e" folda

Zilizopitia WhatsApp kama picha hazina saa ndani, zitabaki na majina yake. Zipangeni kwa macho.

Picha moja itakuja mara nne kupitia watu wanne. Kwa kuwa kila mapito yameibana upya, programu inayolinganisha faili kwa faili haitaziona kuwa pacha. Tumia Czkawka, nayo ni ya bure, kwenye sehemu yake ya picha zinazofanana, na bakiza yenye pikseli nyingi zaidi.

Mkimaliza, diski mbili: moja nyumbani kwa wazazi wa bwana, moja kwa wazazi wa bibi. Zimeni linki ya albamu. Na mtu mmoja ajiwekee kumbukumbu ya kuingia kwenye akaunti ya harusi angalau mara moja kwa mwaka, kwa sababu Google inaweza kufuta akaunti iliyokaa miaka 2 bila kutumiwa, pamoja na kila kilichomo.